Embe Lisilokuwepo Kooni

Nilipoolewa na mfugaji wa bondeni, ndugu zangu wa Tunduma walicheka mpaka wakashika mbavu. "Umeolewa na ng'ombe," dada yangu aliniambia. "Huyo mwanamume ni mlinzi wao tu." Mimi ni Mnamwanga, nimekulia mpakani, kwenye honi za malori na akina mama wa Zambia wanaobishania bei kwa Kibemba. Yeye alikuwa Msukuma. Wazazi wake walihama na mifugo yao, wakashuka hadi nyanda za Ivuna karibu na Ziwa Rukwa, wakakuta majani, wakatulia. Tulikutana kwa sababu ya chumvi. Nilikuwa nashuka Ivuna kununua chumvi ya kwenda kuuza mpakani, siku moja lori likaharibika, nikalazwa kwa mama yake. Basi, mengine msiniulize.

Alikuwa mpole kupita kiasi, na upole wake ulinikera. Mimi nikikasirika mtaa mzima unajua. Yeye akikasirika alikwenda kukaa na ng'ombe wake. Jambo moja tu lilimfanya atembee kifua mbele, nalo ni mkono wake wa kulia. Kule bondeni, mvua zikikaribia, upepo huangusha maembe machanga, na ng'ombe hana subira ya kutafuna embe, hulibugia zima zima. Likikwama kooni, mnyama anatoa mate, anakoroma, tumbo linavimba, na jioni haifiki mmeshampoteza. Dawa yake ni mkono. Mume wangu aliitwa mpaka vijiji vya mbali kwa kazi hiyo. Wanaume wawili wanashika pembe, mti unawekwa mdomoni kwa upande ili meno yasifunge, naye anaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, ametulia tuli, halafu anautoa na embe kiganjani. Watu wanashangilia. Nilimwambia mara nyingi afunge hata kitambaa, maana magego ya ng'ombe yanakwaruza.

"Vidole vyangu vina macho," alinijibu. "Ukivivisha nguo havioni."

Akishamaliza alikaa kwenye kigoda nami namwosha. Mama mkwe ndiye aliyenifundisha hivyo: mkono uliotoka kooni mwa ng'ombe unaoshwa na mke wa mwenye mkono, kwa maji ya moto na majivu, mpaka utelezi wote uishe. Mwanzoni niliona kinyaa. Baadaye nilizoea, na niseme kweli, nikapenda, kwa sababu ndiyo saa pekee aliyokuwa anakaa mahali pamoja.

Kiangazi kimoja bwana mifugo alikuja na pikipiki na kisanduku cha barafu kuchanja mbwa dhidi ya kichaa. Alikuwa Mndali wa kule Ileje, mtu mwembamba, Kiswahili chake cha kuvutavuta, na mbishi kama mimi, ndiyo maana tuliivana. Tulitangaziwa tupeleke mbwa kwenye uwanja wa kanisa. Jamani, mbwa wa wafugaji hawajui kamba! Siku ile ilikuwa vita. Huyu anamburuta wa kwake, yule ameng'ang'aniwa na wa jirani, mama mkwe amemkumbatia dume lake kubwa kama mtoto anayepelekwa kunyolewa. Hata hivyo walichanjwa wote, wa kwetu mpaka vitoto, kwa kuwa bwana mifugo alisimama akafoka kwamba hakuna kuacha kitoto nyumbani.

Mume wangu alikuwa amesimama pembeni anawaza. Kisha akauliza, kwa ile sauti yake ya chini, "Bwana mifugo, mbwa tumewaleta kwa kamba. Na mbweha je? Hawa wa porini nani atawaleta?"

Watu wakacheka. Bwana mifugo hakucheka. Alisema swali hilo ni la maana kuliko yote aliyoulizwa tangu asubuhi. Akatueleza kwamba kule Ulaya mbweha wanachanjwa kwa mdomo. Chanjo inafichwa ndani ya chambo chenye harufu ya nyama au samaki, halafu chambo kinamwagwa porini kwa ndege. Mbweha anakiokota, anakitafuna, baada ya muda ana kinga mwilini na hajui kama ametibiwa. Alisema nchi kadhaa zimemaliza kichaa cha mbweha kwa njia hiyo hiyo, bila kumshika hata mmoja mkia.

"Kwa ndege!" mama mkwe alidakia. "Weee! Sisi hapa chumvi yetu inasubiri lori mpaka inalia, mbweha wa wenzetu wanashushiwa chakula na ndege."

Tulicheka mpaka machozi. Mume wangu aliuliza tena kama hapa kwetu chambo hicho kitakuja. Bwana mifugo akamwambia asidanganyike, yeye mwenyewe hizi chanjo za mbwa amezipata kwa kuzipigia magoti.

Kabla kiangazi hakijaisha, mbweha alikuja. Alikuja mchana kweupe, na hapo tu ungejua ana kasoro, kwa sababu mbweha mzima humwoni mchana akitembea katikati ya watu. Alikuwa anayumba, taya limelegea. Maksai wetu wa jembe, mkubwa na mpenda umbea, akainamisha pua kumnusa. Mbweha akamrukia. Mbwa wakafika, vumbi likatimka, shemeji zangu wakaja na fimbo wakammaliza.

Tukajikagua. Nani kang'atwa? Hakuna. Mbwa je? Wawili wamekwaruzwa, lakini wamechanjwa, tena mbele ya macho yetu. Loo, tulivyojisifu siku ile! Mama mkwe alichinja kuku. Shemeji mmoja akamchimbia mbweha shimo refu, kama tulivyoambiwa, akamfukia pamoja na fimbo. Maksai alitoka na mkwaruzo mdogo puani, mume wangu akampaka majivu, ukapona. Sisi tulihesabu watu na mbwa, tukaona hesabu imetimia.

Mvua za kwanza ziliponyesha, maembe yakaanza kuanguka. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka kwenye chumvi. Kazi ile ya kuchuja udongo wa chumvi na kuchemsha maji yake inakula mikono. Viganja vyangu vilikuwa vimepasukapasuka, nikishika pilipili natamani kupiga kelele. Siku hiyo maksai aliacha kula. Alikuwa akinyoosha shingo, mate yanamning'inia, na akilia sauti inatoka ya kukwaruza, kama si yake.

"Embe," mume wangu alisema.

Nilimwambia mbona tumbo halijavimba. Akasema basi limekaa pabaya, linapitisha hewa. Wakamshika pembe, wakaweka mti, akaingiza mkono. Hakukuta kitu. Akautoa, akapumzika, akauingiza tena mpaka kwapani, uso umekunjamana. Hakukuta kitu. Ilikuwa mara ya kwanza kuuona mkono wake ukishindwa, na nilimwonea huruma kwa jinsi alivyofedheheka mbele ya ndugu zake. Vifundo vya vidole vilikuwa vimechubuka kama kawaida. Akakaa kwenye kigoda, nikamwosha. Kesho yake alirudia, hakukuta kitu, nikamwosha tena.

Maksai aliporomoka miguu ya nyuma, akafa. Baba mkwe akasema kibudu hakiliwi, akaburutwa kwa kamba mpaka porini, fisi wakashughulika naye. Tukalia hasara ya jembe. Hakuna aliyewaza mbweha.

Bwana mifugo alipita baadaye, amekuja kwa shughuli za josho. Mume wangu ndiye aliyemsimulia, tena kwa kujilaumu kwamba embe lile lilimshinda. Nilikuwa namimina chai. Nikaona yule bwana anaweka kikombe chini polepole.

"Huyo maksai aliwahi kung'atwa na mnyama yeyote?" aliuliza.

Tukatazamana. Nikamtajia yule mbweha.

Akaeleza, na siku ile hakufoka hata kidogo, jambo lililonitisha zaidi. Kichaa cha mbwa kinampata ng'ombe pia. Koo linapooza, hawezi kumeza hata mate yake, kwa hiyo anaonekana amekabwa na kitu. Wafugaji wengi wanaingiza mkono kutafuta embe au gunzi ambalo halipo. Ugonjwa uko kwenye mate, na mlango wake ni kidonda chochote, hata cha kuchubuka. Akamshika mume wangu mkono, akageuza vidole, akaona makovu mapya.

"Panda lori la kwanza, nenda hospitali ukachomwe sindano," alimwambia. "Sasa hivi zinasaidia. Ukishaanza kuogopa maji, hakuna hospitali duniani itakayokuponya. Umenisikia, mzee?"

Mume wangu alisikia. Nataka hilo lijulikane, maana watu hupenda kusema wafugaji ni wabishi. Kesho yake alipanda juu ya magunia ya chumvi, akapanda mlima hadi hospitali ya huko juu. Alirudi siku chache baadaye amelowa chepechepe, ana sukari na kitenge alichoninunulia mkononi, anatabasamu.

"Nimeambiwa mimi mzima," alisema.

Ilikuwaje? Waliokuwa zamu walimuuliza ameng'atwa wapi. Akasema hajang'atwa. Wakamuuliza mbwa yuko wapi. Akasema hakuna mbwa, ni ng'ombe. Ng'ombe amekung'ata? Hapana, nilimwingiza mkono kooni. Akasema wale watu walitazamana, mmoja akaficha kicheko. Wakamwambia chanjo zilizopo zinahesabika, na kwenye benchi palikuwa na mama aliyeraruliwa mguu na mbwa, damu bado inatoka. "Mzee, mpishe mwenye jeraha," walimwambia. Naye akampisha. Mume wangu angempisha hata kuku njiani.

Nilimtukana. Nilimtukana mpaka mama mkwe akatoka ndani. Nilimwambia upole wake utamzika. Nilimwambia angelala pale mlangoni, angejing'ata mwenyewe akawaonyesha. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akakunjua kile kitenge akaniwekea mabegani. Nilikaa nacho nikilia kwa hasira. Niliwaza wale mbweha wa Ulaya wanaoshushiwa chanjo na ndege, hawaulizwi wameng'atwa wapi, na moyo ulinijaa chuki ambayo sikujua nimpe nani.

Nikafunga safari kwa miguu hadi kwa bwana mifugo. Nilipomweleza, alipiga meza ngumi. Alisema atakwenda yeye mwenyewe Mbeya, atawaeleza wakubwa wa hospitali uso kwa uso, na hatarudi mikono mitupu. Nilimwamini na sikukosea. Lakini mvua hazikumngoja. Siku mbili baada ya yeye kuondoka, makorongo yalijaa, barabara ikakatika sehemu sehemu, malori yakakwama na chumvi yake, na simu kule kwetu wakati ule ilikuwa mpaka upande kichuguu kimoja nje ya kijiji, ubahatishe.

Ikawa kazi yangu kumtazama akinywa maji. Asubuhi nampa kata, nasimama. Akirudi shambani, namletea mwenyewe, nasimama. Natazama koo linavyopanda na kushuka. Likishuka vizuri napumua.

"Mama watoto, unanihesabia mafunda?" alinitania siku moja. "Maji haya umeyanunua?"

"Kunywa," nilimwambia. "Kunywa tena."

Akanywa. Akapiga na cheuo kwa makusudi ili nicheke, na nikacheka. Alilima kwa jembe la mkono mwaka ule, akapanda mahindi, yakaota. Wiki zilipita, nikaanza kudanganyika. Pengine wale wa hospitali walikuwa sahihi. Pengine mikono ya mume wangu ilikuwa na ngozi ngumu kuliko ya watu wengine. Mama mkwe akaniambia niache uchuro.

Kisha mkono ukaanza kumwasha. Mkono ule ule, kuanzia vidoleni kupanda begani, na hakuna kipele wala uvimbe. Alijikuna mpaka akatoka damu. Halafu usingizi ukampaa, upepo ukivuma mlangoni anashtuka. Nilijua. Nilijua na bado asubuhi nikampa kata ya maji, kwa sababu nilitaka anioneshe kwamba mimi ni mjinga. Aliishika, akaipeleka mdomoni, na koo lake likajikaza lote kwa nguvu, akaitupa kata kule. Akatazama maji yaliyomwagika sakafuni, akanitazama mimi. Alikwenda kwenye chumba cha nje tulichokuwa tunaweka mbegu, akamwomba kaka yake afunge mlango kwa nje.

Nisingependa kusimulia siku zile mbili. Alikuwa na kiu, na kila tulipojaribu kumpa tone, mwili ulimkataa. Hali ile ikimshika, alikuwa akigonga ukuta na kutoa sauti ambayo sitaki kuieleza. Ikimwachia, alikuwa yeye yule yule kabisa, akili timamu, anauliza kama ndama wametoka, kama mvua imenyesha upande wa shambani. Hilo ndilo lililonivunja. Laiti kichaa kile kingekuwa kichaa kweli, nisingekuwa naongea na mume wangu kupitia ubao wa mlango. Nilikaa kwenye benchi nje ya mlango wake muda wote. Kila nilipotaka kuingia alisema, "Usiingie. Mate yangu ni mabaya." Ndugu zake walimleta muuguzi wa zahanati, akampa dawa ya kumtuliza, akatuambia kwa upole kwamba cha zaidi hana.

Mchana wa siku ya pili bwana mifugo akatokea. Alikuwa kwa miguu. Pikipiki alikuwa ameiacha upande wa pili wa korongo, akavuka maji kiunoni, na shingoni alikuwa amening'iniza chupa ya chai kwa kamba ya katani. Ndani ya chupa hiyo palikuwa na barafu iliyobaki vipande, na chanjo za mume wangu, dozi nzima. Alipotuona tumekaa vile, na aliposikia sauti ya mle ndani, aliketi chini kwenye matope. Yule mtu mbishi, mfokaji, akaketi kwenye matope akaikumbatia ile chupa.

Akakohoa. Kumbe mume wangu alikuwa amemtambua kwa kikohozi chake.

"Bwana mifugo," aliita. Sauti ilikuwa imekauka, lakini ni yake. "Umezipata?"

"Nimezipata, mzee."

"Bado zina baridi?"

"Bado."

Tulimsikia mume wangu akipumua mle ndani. Mimi nilikuwa nimeshasimama, nikiwaambia wafungue mlango wamchome, wajaribu, nani ajuaye, Mungu ni mkubwa. Muuguzi alinishika bega. Bwana mifugo alitikisa kichwa bila kunitazama usoni.

"Msinichome mimi," mume wangu alisema. "Mchomeni mama watoto."

Hakuna aliyeelewa. Nilidhani ile hali imemshika tena.

"Alitoka kwenye chumvi wiki ile," alisema, akipumzika kila baada ya neno. "Viganja vyake vilikuwa vimepasuka. Ndiye aliyeniosha. Mara mbili."

Wote wakatazama mikono yangu. Hata mimi niliitazama. Kwa wiki zote zile nilikuwa nimesimama na kata ya maji nikimchungulia yeye koo, na haikunipitia akilini hata mara moja kwamba niliuosha mkono ule. Hata bwana mifugo hakuuliza. Aliyekumbuka ni yeye, amefungiwa mle ndani, ana kiu ya siku mbili.

Nikaificha mikono kwenye kitenge. Nilikataa. Nilisema hizo ni zake, zimetafutwa kwa jina lake, sichomwi dawa ya mume wangu naye yuko hai. Niliwatukana wote waliokuwa pale, na baba mkwe pia, Mungu anisamehe.

"Kaa chini!" mume wangu alipiga kelele.

Miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kunipandishia sauti. Nikakaa. Muuguzi akafungua chupa ya chai, akavuta dawa, akanipangusa bega. Nilichomwa nikiwa kwenye benchi, mgongo wangu umeegemea mlango wake. Upande wa pili niliusikia mgongo wake nao ukiegemea.

"Imeuma?" aliniuliza.

"Haijauma hata kidogo," nilimwambia.

Sindano ya pili nilichomwa nikiwa mjane.